Moshi, vumbi na mbegu za kiume: mwongozo kamili kwa mwanaume wa mjini anayetafuta mtoto

Mtoto akichelewa, anayepelekwa kliniki kwanza ni mke. Atapimwa mirija, atapimwa homoni, atanyweshwa vidonge na mizizi ya kila aina, na miaka miwili inaweza kupita kabla mtu hajamgeukia mume. Hata akigeukiwa, swali huwa la nguvu za kiume: anaweza au hawezi? Akijibu kwamba anaweza, kesi imefungwa. Lakini mwanaume anaweza kuwa na nguvu za kutosha na bado mbegu zake zikawa chache, legevu au zenye kasoro. Katika ndoa zinazohangaika kupata mtoto, upande wa mume huchangia karibu nusu ya mara zote, peke yake au pamoja na upande wa mke.

Mwongozo huu unazungumzia jambo moja kati ya mengi yanayoweza kuzidhuru mbegu hizo, nalo ni hewa. Nimeuandika nikimfikiria dereva wa bodaboda wa Kariakoo, fundi wa kuchomelea wa Kamukunji, mkaanga chipsi wa Manzese na kijana aliyepanga chumba kimoja anachopikia humohumo kwa mkaa. Siahidi mimba. Ninachodai ni kwamba mbegu hutengenezwa upya kila baada ya miezi mitatu hivi, kwa hiyo mwanaume anayepunguza moshi leo anaweza kupima na kuona kama pana tofauti kabla mwaka haujaisha. Na moshi wa kuanza nao ni ule ulio karibu na pua yako, kabla ya ule uliotanda juu ya jiji.

Utafiti umeona nini

Tuanzie Teplice, wilaya ya kaskazini mwa Jamhuri ya Czech. Kwa miaka mingi makaa ya mawe yalichomwa huko kwa ajili ya umeme na kupasha nyumba joto, na wakati wa baridi moshi ulikuwa ukinasa bondeni siku nyingi mfululizo. Watafiti walipima manii ya vijana wa miaka 18 wa eneo hilo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2000. Vijana waliopitia vipindi vya hewa chafu sana walikuwa na mbegu zenye mwendo hafifu, na nyingi zaidi zilikuwa na maumbo yasiyo ya kawaida. Idadi ya mbegu haikuonyesha tofauti. Mwaka 2005 ikachapishwa kazi nyingine iliyofuatilia wanaume walewale wa Teplice kwa misimu tofauti, ikaonekana kwamba baada ya miezi ya moshi, vinasaba ndani ya mbegu vilikuwa vimekatikakatika zaidi.

Mwaka 2003 Waitalia walichapisha utafiti unaotuhusu zaidi sisi wa foleni. Walilinganisha wanaume 85 wanaokusanya ushuru kwenye vibanda vya barabara kuu, watu wanaovuta moshi wa magari zamu nzima, na wanaume 85 wa umri uleule wanaoishi eneo hilohilo. Homoni zao zilikuwa sawa na idadi ya mbegu haikupishana sana, ila mbegu za wale wa vibandani zilikuwa na mwendo duni. China nako, mwaka 2022, yalitolewa matokeo ya wanaume 33,876 kutoka miji 340: kadiri vumbi laini lilivyozidi, ndivyo mwendo wa mbegu ulivyopungua, na vumbi jembamba lilidhuru kuliko lile nene.

Unaona mstari unaopita humo. Mara nyingi idadi inabaki palepale, kinachoshuka ni mwendo na ubora. Ndiyo maana mtu anaweza kuambiwa "mbegu zipo nyingi tu" akarudi nyumbani ameridhika, kumbe hakuuliza swali lenyewe.

Kisha Denmark. Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya watafiti waliofuatilia kumbukumbu za wanaume 526,056 wa miaka 30 hadi 45. Pale ambapo wastani wa vumbi laini kwa miaka mitano ulizidi kwa mikrogramu 2.9 kwa kila mita ya ujazo, hatari ya mwanaume kuandikiwa kuwa na tatizo la uzazi ilipanda kwa asilimia 24. Hiyo ni nchi ambayo hewa yake ni safi kuliko ya miji yetu mingi. Ukikaa kituo cha daladala cha Buguruni saa kumi na mbili jioni, mikrogramu 2.9 ni kitu kidogo sana.

Sasa nitie breki kidogo. Tafiti hizi zinaonyesha vitu viwili vikienda pamoja. Hazithibitishi kwamba moshi fulani ndio uliomnyima mtoto mtu fulani. Si zote zinazokubaliana, na kwa mwanaume mmojammoja athari huwa ndogo ukiilinganisha na mambo kama mishipa ya korodani iliyovimba au maambukizi yaliyoziba njia. Basi hewa isiwe kisingizio cha kukwepa hospitali.

Moshi wa puani unafikaje korodani

Chembe zinazosumbua zaidi huitwa PM2.5, kwa kuwa upana wake ni mikromita 2.5 au chini ya hapo. Unywele wako una unene wa karibu mara 30 ya chembe hiyo. Kwa wembamba huo zinapita puani na kooni bila kunaswa, zinashuka mpaka vifuko vya mwisho vya mapafu, na zile ndogo kabisa huingia kwenye damu. Zinabeba masizi, kemikali za moshi wa mafuta na kuni, na madini kama risasi na kadimiamu. Damu hiyo inazunguka mwili mzima, korodani zikiwemo.

Kinachotokea huko kimeelezwa kwa njia kadhaa, lakini iliyo na ushahidi mwingi ni hii: mwili ukipambana na uchafu huo hutoa aina za oksijeni korofi, zinazoshambulia kila kilicho karibu. Mbegu ya kiume ni dhaifu mbele ya shambulio hilo kwa sababu mbili. Utando wake umejaa mafuta ya aina inayoharibika upesi. Pili, katika kutengenezwa kwake imetupa karibu kila kitu kilichomo ndani ya seli ya kawaida ili iwe nyepesi ya kuogelea, na hivyo haina akiba ya kujikinga wala mitambo ya kurekebisha vinasaba vikikatika. Utando ukiharibika, mkia unakosa nguvu. Vinasaba vikikatika, mbegu inaweza kulifikia yai lakini mimba isishike au itoke mapema. Juu ya hayo, baadhi ya kemikali za moshi na madini ya risasi huvuruga homoni zinazoamrisha korodani kufanya kazi.

Kutengeneza mbegu moja tangu mwanzo huchukua karibu siku 74, kisha inakaa wiki mbili hivi kwenye mrija ulio nyuma ya korodani ikikomaa na kujifunza mwendo. Jumla inakaribia miezi mitatu. Manii unayotoa leo yana historia ya hewa uliyovuta kuanzia miezi mitatu iliyopita, na hesabu ya mwongozo wote huu imesimama hapo.

Hatua ya kwanza: pima kabla ya kubadili chochote

Usianze na barakoa, anza na maabara. Kama mmekuwa mkikutana mara kwa mara bila kinga kwa mwaka mzima na hakuna mimba, pimeni wote wawili. Mke akiwa amevuka miaka 35, msingoje mwaka. Miezi sita inatosha.

Kipimo chenyewe ni cha manii, na kwa kawaida ni rahisi kuliko vingi anavyofanyiwa mke. Ila kinaharibika kwa uzembe mdogo, hivyo zingatia haya. Kaa bila kutoa manii kwa siku 2 mpaka 7 kabla ya kupima. Chini ya hapo kiasi hupungua, zaidi ya hapo mbegu huzeeka. Sampuli itolewe kwenye kichupa ulichopewa na maabara, bila mate, sabuni wala mafuta, na isimwagike hata kidogo, kwa sababu matone ya mwanzo ndiyo yenye mbegu nyingi. Ukimwaga hayo ukaleta yaliyobaki, majibu yatakutisha bure. Ikiwa unaitolea nyumbani, ifike maabara ndani ya saa moja, ikiwa mfukoni karibu na mwili, si kwenye barafu na si juu ya dashibodi ya gari juani.

Wapo wanaume ambao kwa sababu ya dini hawataki kujitoa manii kwa mkono. Sema hivyo waziwazi kwa mhudumu. Ipo mipira maalumu ya kukusanyia sampuli wakati wa tendo na mkeo. Usitumie kondomu ya kawaida ya dukani, kwani vilainisho vyake vinaweza kuua mbegu.

Majibu yatakuja na tarakimu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa maabara wa mwaka 2021, linatumia mipaka hii ya chini: ujazo mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa kila mililita, jumla milioni 39 kwa sampuli nzima, zenye mwendo wowote asilimia 42, zinazokwenda mbele asilimia 30, na zenye umbo zuri asilimia 4. Usishtuke kuona 4. Kwa binadamu hiyo ni kawaida, mbegu nyingi za mtu mzima mwenye watoto huwa na kasoro za umbo. Mipaka hii ilitokana na wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya mwaka mmoja, na asilimia 5 yao walikuwa chini ya mpaka. Kuwa chini ya mpaka hakumaanishi kuwa tasa, wala kuwa juu yake hakukupi uhakika.

Sampuli moja haitoshi. Manii hubadilika sana wiki hadi wiki, hivyo jibu likiwa baya rudia baada ya wiki kadhaa, katika maabara ileile, kwa idadi ileile ya siku za kujizuia. Na hakikisha daktari anakukagua kwa mikono, si kusoma karatasi tu. Mishipa ya damu iliyovimba juu ya korodani, ambayo vijiweni huchanganywa na ngiri au busha, hupatikana kwa wanaume 15 hivi katika kila 100, na kwa zaidi ya theluthi moja ya wenye tatizo la uzazi. Hiyo hutibika kwa upasuaji. Hakuna barakoa itakayoiondoa.

Iwapo majibu yanasema hakuna mbegu kabisa, ruka hatua zote zinazofuata uende kwa daktari bingwa wa mfumo wa mkojo na uzazi wa wanaume. Hilo ni jambo la vipimo vya homoni na njia za kupitisha mbegu; hewa si mahali pa kulitafutia jibu.

Hatua ya pili: andika moshi wako

Chukua daftari au simu, kwa wiki moja andika kila mahali unapovuta moshi, vumbi au harufu kali, na kwa muda gani. Usiandike "Dar es Salaam ina hewa chafu". Andika: saa moja asubuhi foleni ya Ubungo, dakika 50 nyuma ya lori. Saa sita mchana karakana, kwa muda wa saa mbili, kupuliza rangi mlango umefungwa. Usiku, dawa ya mbu ya kuchoma, kwa muda wa saa nane, dirisha limefungwa.

Mwisho wa wiki panga kwa mambo mawili: umbali kutoka puani kwako na idadi ya saa. Moshi wa kiwanda kilicho kilomita tano unaweza kuwa mwingi kwa tani, lakini ule unaowaka chumbani kwako usiku kucha ndio unaokuingia. Wengi wakifanya zoezi hili wanakuta kwamba vitu viwili au vitatu vya juu kwenye orodha viko mikononi mwao wenyewe.

Hatua ya tatu: safisha hewa ya nyumbani

Sigara kwanza, maana huo ni moshi unaojimiminia mwenyewe. Uvutaji hupunguza idadi na mwendo wa mbegu, na kama huvuti lakini unakaa na wavutaji, unavuta nao. Shisha ni vilevile: maji ya chupani hupooza moshi, hayaondoi sumu, na mtu huketi nayo saa nzima.

Inayofuata haizungumzwi kabisa. Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti uliopima dawa za mbu za kuchoma, zile za mzunguko, kutoka China na Malaysia. Mzunguko mmoja ulipoungua wote ulitoa vumbi laini sawa na sigara 75 mpaka 137. Chumba cha futi kumi kwa kumi, dirisha limezibwa kwa kuogopa mbu na wezi, watu wawili wamelala humo usiku kucha. Sisemi ulale na mbu. Malaria yenyewe ni adui wa mbegu, nitaeleza chini. Tumia chandarua chenye dawa, weka wavu dirishani ili liweze kufunguliwa, na kama ni lazima uchome, choma jioni mkiwa nje, kisha zima na upitishe hewa kabla ya kulala.

Jiko la mkaa lisiingie chumbani, hata likiwa limebaki makaa yasiyotoa moshi. Makaa hayo bado hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu ambayo huua watu usingizini. Pikia barazani au uani. Ukiweza kumudu mtungi wa gesi au jiko la umeme, hata kwa chai na vyakula vya haraka tu, umepunguza sehemu kubwa. Tanzania ina mkakati wa 2024 hadi 2034 unaolenga asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia, lakini bei ya kujaza mtungi ndiyo inayoamua jikoni, kwa hiyo simlaumu mtu anayechanganya gesi na mkaa. Maharage yanaweza kulowekwa usiku yakaiva kwa moto mdogo. Hiyo peke yake huokoa saa nzima ya moshi. Na mkeo akivuta moshi huo akiwa mjamzito, hatari ya mtoto kuzaliwa na uzito mdogo huongezeka, kwa hiyo jiko hili ni la wote wawili.

Udi na ubani? Najua ninagusa pabaya kwa watu wa Pwani. Moshi mtamu ni moshi. Fukiza nguo na chumba kama ilivyo ada, ila toka nje chetezo kikiwaka, fungua madirisha, rudi ukiwa umebaki unukato tu.

Taka za plastiki zisichomwe uani. Majirani wakichoma kila jioni, ongea na mjumbe au mwenyekiti wa mtaa. Ni ugomvi wenye faida.

Hatua ya nne: kazini, ambako saa nyingi zinaishia

Hapa nitakaa kidogo, maana mwanaume anayevuta moshi saa kumi kwa siku kazini hawezi kuokolewa na chandarua.

Mafundi wa betri na wanaoyeyusha vyuma chakavu wako kwenye hatari iliyo wazi kuliko wote. Madini ya risasi yanajulikana kupunguza idadi ya mbegu na mwendo wake, hasa damu inapofika kiwango cha mikrogramu 40 kwa desilita na kuendelea. Shirika la Afya Duniani linasema ukifika 5 tu, chanzo kitafutwe na kiondolewe. Mombasa ina funzo lake: kijiji cha Owino Uhuru kilipata risasi kwenye damu za wakazi wake, watoto wakiwemo, kutokana na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na Phyllis Omido aliyepigania kifungwe akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015. Ukifanya kazi ya aina hii, omba kipimo cha risasi kwenye damu. Usile wala kuvuta sigara karakanani, nawa kwa sabuni mpaka viwiko kabla ya kugusa chakula, badili nguo hukohuko na usizipeleke nyumbani zikafuliwe na za watoto. Vumbi la risasi huingia kwa mdomo kama linavyoingia kwa pua.

Mafundi wa kuchomelea: tafiti juu yenu zimetoa majibu yanayopishana, lakini moshi wa kuchomelea una manganizi, na kwenye chuma kisichoshika kutu una kromiamu ya aina mbaya. Chomelea mahali pa wazi, upepo ukitokea ubavuni uondoe moshi mbele ya uso wako. Usiinamishe kichwa juu ya mwali. Chini ya kofia ya kuchomelea vaa barakoa ya daraja la FFP2 au FFP3, zile zinazochuja chembe laini. Kabla ya kuchomelea bati au bomba lenye rangi au zinki, likwangue kwanza.

Wapaka rangi kwa kupuliza wajue kwamba barakoa ya vumbi haizuii mvuke wa thina. Mvuke ni gesi, unahitaji kinyago chenye vichujio vya mkaa maalumu, na vichujio hivyo huisha. Ukianza kusikia harufu ukiwa umekivaa, badilisha. Kitambaa kilicholoweshwa maji hakifanyi chochote hapa.

Wachoma nyama, wa mishkaki na wakaanga chipsi wanavuta moshi na kupikwa na joto kwa wakati mmoja. Korodani hufanya kazi vizuri zikiwa na joto la chini ya lile la mwili kwa nyuzi 2 hadi 4. Ndiyo sababu zimewekwa nje. Inua jiko liwe kimo cha kiuno au juu kidogo likiwa na ukuta wa bati upande wako, weka dohani hata ya bati la mabomba, na simama upande upepo unakotokea. Mafuta yakitoa moshi yamepitiliza. Punguza moto, na yakishakuwa meusi yamwage.

Madereva wa bodaboda na bajaji, makondakta na trafiki wa makutano wana moshi wa magari. Nchi za Afrika Mashariki zilishusha kiwango cha salfa kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, na hilo lilikuwa jambo kubwa, ila injini kuukuu isiyofanyiwa matengenezo hutoa moshi mweusi hata kwa mafuta mazuri. Acha nafasi nyuma ya malori na mabasi, hasa wakati wa kuondoka kwenye taa, ndipo moshi unapofyatuka. Kijiwe kisiwe pembeni ya kituo ambako daladala zinaunguruma zikisubiri abiria. Mita chache ndani ya mtaa zinaleta tofauti. Zima injini ukisubiri. Kioo cha helmeti kinazuia wadudu, hakichuji hewa.

Hatua ya tano: barabarani na barakoa

Barakoa ya kitambaa na ile ya bluu ya hospitali hazikuundwa kwa PM2.5, hewa nyingi hupita pembeni. Inayofaa ni N95, KN95 au FFP2. Hiyo ya kwanza huchuja angalau asilimia 95 ya chembe laini, kwa sharti moja: ishike uso pande zote. Ndevu nyingi zinaacha mwanya. Ukivuta pumzi ikabonyea kidogo, imekaa. Miwani ikipata ukungu, inavuja juu ya pua. Huna haja ya kuivaa siku nzima. Vaa kwenye foleni, karibu na dampo linaloungua, na siku ya vumbi la barabara inayojengwa.

Kuhusu muda, asubuhi tulivu zisizo na upepo huwa mbaya kwa sababu moshi wa magari na wa majiko hutulia chini. Anayekimbia mazoezi kando ya barabara kuu saa moja asubuhi anavuta hewa hiyo kwa wingi na kwa nguvu. Hamia mitaa ya ndani, ufukweni au uwanja wa shule.

Ukitaka namba, AirQo ya Chuo Kikuu cha Makerere ina vipima hewa Kampala na miji mingine ya Afrika, Nairobi ikiwemo, na wamewahi kuvifunga hata kwenye bodaboda. Programu yao ya simu inaonyesha PM2.5. Kigezo cha Shirika la Afya Duniani tangu 2021 ni mikrogramu 15 kwa wastani wa siku na 5 kwa wastani wa mwaka. Ukiona 60, siku hiyo vaa barakoa na ahirisha mazoezi ya nje.

Hatua ya sita: usiharibu hesabu kwa mambo mengine

Kama unataka kujua iwapo hewa inakuathiri, yaliyobaki yasikuvuruge. Homa kali, iwe ya malaria au ya taifodi, inaweza kushusha mbegu kwa wiki nyingi. Ukiugua, sogeza kipimo mbele miezi mitatu. Kompyuta mapajani na suruali za kubana siku nzima kwenye joto zinaongeza moto pasipotakiwa. Pombe ya kila siku punguza.

Sindano na vidonge vya testosteroni, vile vinavyouzwa jimu kwa ajili ya misuli, huzima utengenezaji wa mbegu. Mwili ukiona homoni imejaa damuni unaacha kuamrisha korodani. Vijana wengi hawaambiwi hilo. Na vidonge vya mitishamba vya "nguvu" vinavyotangazwa mitandaoni, hata vikikupa kusimama, si dawa iliyothibitishwa ya mbegu.

Vipi vidonge vya kupambana na oksijeni korofi, vitamini C, E, zinki na folati? Kinadharia vingefaa sana, na maduka ya dawa yanavipenda. Lakini majaribio mawili ya Marekani yaliyochapishwa mwaka 2020 yalivunja matumaini: moja lilitumia mchanganyiko wa viondoa sumu hivyo, jingine zinki na folati kwa wanandoa 2,370, na hakuna lililoonyesha watoto zaidi kuzaliwa. Pesa hiyo nunulia mtungi wa gesi, mchicha, maembe, korosho na dagaa.

Hatua ya saba: rudia kipimo na uamue

Siku 90 baada ya kubadilisha vitu viwili au vitatu vya juu kwenye orodha yako, rudi maabara ileile, kwa idadi ileile ya siku za kujizuia. Angalia kwanza asilimia ya mbegu zinazokwenda mbele, ndiyo inayoelekea kuonyesha mabadiliko ya hewa. Ikipanda kutoka 22 hadi 26, hiyo inaweza kuwa mabadiliko ya kawaida ya wiki kwa wiki, usifanye sherehe. Ikipanda kutoka 22 hadi 38 na ikabaki hapo kwenye kipimo kingine, endelea na ulivyofanya, na mkutane kila siku moja au mbili katika siku za rutuba za mke.

Isipobadilika, hukupoteza, mapafu na moyo vimefaidika. Lakini usijipe miezi mitatu mingine ya kungoja, hasa umri wa mke ukiwa unakwenda. Nenda kwa daktari bingwa mkiwa wawili, na mfukoni uwe na vitu vinne: majibu yote ya maabara yenye tarehe, orodha yako ya moshi na kazi unayofanya, majina ya dawa zote ulizotumia mwaka huo zikiwemo za jimu na za mitishamba, na majibu ya mke. Muulize waziwazi kama umekaguliwa mishipa ya korodani, kama unahitaji vipimo vya homoni na maambukizi, na kama hospitali hiyo au nyingine ya rufaa inaweza kupima kukatika kwa vinasaba vya mbegu. Mbegu zikiwa chache au legevu mno, kuna njia ya maabara ambapo mbegu moja huingizwa moja kwa moja ndani ya yai. Ni ghali, na uliza gharama zote za mzunguko mmoja, dawa zikiwemo, kabla hamjauza kiwanja.